Kufuli Hili la Nani?

Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye, nilimwona nyapara wa zamu ya asubuhi kwa muda mfupi tu kila siku, pale yeye alipokuwa anatoka na mimi naingia kusimamia zamu ya jioni. Sikuwahi kula naye chakula. Sikujua anakaa mtaa gani wa Ilala wala ana watoto wangapi. Lakini ukiniuliza nani amenichosha kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, na nani ninayemkumbuka kila ninapotaka kuingiza mkono mahali nisipopaona vizuri, ni huyohuyo mmoja.

Kiwanda chetu kilikuwa cha barafu, mitaa michache kutoka soko la samaki la Feri. Hakikuwa kikubwa. Maji yaligandishwa kwenye makopo marefu ya chuma, yakatoka mabonge mazito ambayo vijana waliyavuta kwa ndoano mpaka kwenye mashine ya kuponda. Mashine yenyewe ilikuwa na mdomo mpana juu, katikati ngoma yenye meno ya chuma, na chini kabisa kulikuwa na shimo lenye parafujo nene kama kiuno cha mtu, iliyosukuma barafu iliyopondwa mpaka dirishani. Nje ya dirisha wachuuzi wa samaki walisubiri na matenga yao, na madereva wa magari ya samaki wakipiga honi.

Mashine ikikwama, mtu huingia. Hakukuwa na njia nyingine. Mtu anapanda mdomoni na mtaimbo, au anashuka shimoni na koleo. Na mara nyingi ilikwama saa nane mchana, saa ya kubadilishana zamu, kwa sababu zamu inayotoka ilikuwa inaishindilia mabonge ili imalize haraka.

Asiyefanya kazi za mashine hawezi kujua ubaya wa muda ule. Wanaotoka mawazo yao yako nyumbani. Wanaoingia wanataka kuanza. Kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye anayejua hali ilivyo. Kompresa ya kugandishia maji inanguruma, na aliye kwenye swichi hasikii hata mtu akipiga mayowe chini ya miguu yake. Aliyeshuka shimoni alimuaga nani? Alimuaga mtu wa zamu iliyopita, na huyo sasa hivi yuko getini anavua gambuti.

Nyapara aliuogopa muda ule, na woga wake aliugeuza hasira. Karibu na swichi kubwa alikuwa amefunga kipande cha chuma chenye matundu. Kila anayeingia kwenye mashine lazima ashushe mkono wa swichi, apachike kufuli lake mwenyewe kwenye tundu moja, na ufunguo auvae shingoni kwa kamba ya kiatu. Kufuli likiwa pale, swichi haipandi. Na kufuli linatolewa na mwenyewe tu. Zamu zikikutana, wa kwangu wanaotaka kuingia wanafunga kwanza, ndipo wa kwake wanafungua, mmoja mmoja, yeye amesimama pale kama askari wa kituo.

"Kufuli hili la nani?"

"Langu."

"Wewe nani? Huna jina?"

Alikuwa anamjua, wameajiriwa pamoja, pengine ni jirani yake. Lazima aseme jina, atoe kufuli, akae mahali pa kuonekana. Halafu linalofuata. "Kufuli hili la nani?" Ilituchosha. Siku za joto, jasho linatiririka, madereva wanapiga honi, nyapara anauliza kama karani wa mahakama.

Neno asilotaka kulisikia ni "nadhani". Kijana mmoja wa zamu yangu, mgeni, aliulizwa kama shimoni kuna mtu. Akajibu, "Nadhani hamna." Nyapara akamshika kola, akampeleka hadi mlango wa shimo, akamwambia, "Ingiza kichwa." Kijana akacheka. "Ingiza kichwa, mimi nadhani sitawasha." Kijana hakucheka tena. Kesho yake hakuja kazini, na hakurudi kabisa. Nilimlalamikia nyapara kwamba ananifukuzia watu. Akanijibu, "Dada, huyo umempata mzima. Mwache aende akauze maji ya chupa."

Hakuwa mtu wa kupendeka. Sitaki kumpamba. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutukana, na maneno yake yalitoka mbio hadi mengine yakaangukia njiani. Hakusifia mtu. Ukifanya vizuri mwaka mzima hasemi kitu. Ukikosea mara moja atakukumbusha mpaka Idi. Alikuwa na watu wake na asiokuwa watu wake, na kama haumo kwenye kundi la kwanza utasafisha makopo wiki nzima.

Na alikuwa mtanashati. Katikati ya harufu ya samaki na amonia, yeye alinukia udi. Shati lake la kurudi nyumbani lilining'inia kwenye hanga, limepigwa pasi, ndani ya mfuko wa nailoni. Akishamaliza makabidhiano anaoga, anachana nywele zake chache kwa kitana cha mfukoni, anatoka getini kama anakwenda kuposa.

Jambo lingine ambalo sikulielewa ni drafti. Saa za mapumziko walicheza kwenye ubao, kwa vizibo vya soda, na nyapara alikuwa mwizi wa waziwazi. Ukigeuka kujibu salamu, kizibo chako kimeshahama. Ukimkamata anaapa kwa Mungu. Mtu aliyekuwa tayari kusimamisha kiwanda kwa ajili ya kufuli moja hakuwa na aibu hata kidogo ya kuiba kizibo. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

"Kizibo kikipotea nani anaumia?"

Mara moja tu nilitembea naye nje ya geti, tulipokwenda Kariakoo kununua makufuli mapya. Nilidhani tutachagua, tutalipa, tutaondoka. Nyapara aliingia duka la vifaa vya ujenzi, akaomba makufuli kumi, ya rangi na ukubwa tofauti, akayapanga kwenye kaunta. Kisha akachukua ufunguo wa kufuli la kwanza, akaujaribu kwenye la pili, la tatu, la nne. Akachukua ufunguo wa pili, akaanza upya. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Kuli aliyebeba robota la nguo alikuwa amekwama mlangoni anapiga kelele apishwe.

"Mzee, kwani unafunga benki?" muuzaji akauliza.

Nyapara aliingiza ufunguo wa kufuli la njano kwenye kufuli jekundu, akazungusha. Likafunguka. Makufuli mawili, rangi mbalimbali, maboksi mbalimbali, ufunguo mmoja. Nyapara akalisukuma mbele ya muuzaji.

"Umeona? Mimi nimelala shimoni, kufuli langu jekundu liko juu. Huyu dada ana la njano, anakosea anafungua langu. Sasa niambie, unanizika wewe?"

Tulizunguka maduka yale mpaka miguu ikaniwaka moto. Mwisho alipata makufuli aliyoridhika nayo. Tukatoka, na mtu huyohuyo akavuka barabara ya Msimbazi bila kuangalia kushoto wala kulia, bodaboda zinafunga breki, dereva mmoja anamtukana mama yake. Upande wa pili akapanda pikipiki, hana kofia ngumu, akakaa upande kama mwanamke aliyevaa kitenge, akanipungia mkono.

Kwa nini alikuwa vile kuhusu mashine, hakuna aliyejua. Kabla ya barafu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Vijana walisema huko alimwona mwenzake akivutwa na mashine. Nilipomuuliza, mara ya kwanza alisema ndiyo, ilikuwa hivyo. Miezi baadaye alisema si mwenzake, ni kaka yake. Mara nyingine aliniambia hajawahi kuona mtu yeyote akiumia, na anaomba Mungu asione. Niliacha kuuliza. Nilichokiona kwa macho yangu ni mikono yake. Makabidhiano yakiisha na mashine ikishawaka salama, alikuwa anaitia mifukoni haraka. Siku moja sigara ilimwanguka akishindwa kuiwasha, ndipo nikajua kwamba inatetemeka. Kila siku ilitetemeka, na kila siku alikuja.

Sasa niseme habari ya Chilumba.

Chilumba alikuwa mtu wa Newala, mrefu, mpole, zamu ya asubuhi. Alikuwa na nguvu za kubeba bonge peke yake na sauti ndogo ambayo lazima umsogelee kuisikia. Kufuli lake lilikuwa la bluu. Jumamosi moja samaki walikuwa wengi mno Feri, na nje ya dirisha magari yalipanga foleni mpaka kona. Parafujo ilikwama. Chilumba alishuka, akaizibua, akapanda, na wenzake walimwona amepanda. Saa nane tukafika sisi. Wakatoa makufuli yao mmoja mmoja, majina yakaitwa, na mwishoni pale kwenye chuma likabaki moja tu, la bluu.

"Kufuli hili la nani?"

"La Chilumba," watu wakasema. "Katoka."

"Katoka wapi?"

Mlinzi akaitwa. Akasema amemwona anapita getini. Simu ya Chilumba haikupatikana. Nyapara akapanda mdomoni, akaangalia. Akashuka shimoni na tochi, akatoka amelowa mpaka magotini. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Basi tuwashe. Umeangalia mwenyewe."

"Siwashi."

"Nyapara, hamna mtu humo!"

"Na kufuli lipo. Aje alitoe."

Nje mama mmoja mchuuzi alipiga bati la dirisha kwa ngumi. "Nyie! Samaki wangu wanaoza! Barafu iko wapi?" Wengine wakadakia. Hapo ndipo alipokuja mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa safarini, na yeye alikuwa ameachiwa kiwanda. Tulimwita bosi mdogo. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akaangalia lile kufuli, akaangalia saa.

"Mzee wangu, mlinzi amemwona ametoka. Wewe umeingia umekagua. Tatizo ni nini?"

"Mlinzi anaona watu mia wanapita pale. Mimi nimekagua dakika zile, sasa hivi sijui."

"Nani angeingia na sisi wote tumesimama hapa?"

"Sijui. Ndiyo maana kuna kufuli."

Bosi mdogo akaagiza mkasi wa kukatia nondo. Ulipoletwa, nyapara akasogea, akaegemeza mgongo kwenye swichi. Alikuwa mfupi hata mkono wa swichi ulipita juu ya kichwa chake. Kijana aliyeshika mkasi alimwangalia bosi, akamwangalia nyapara, hakujua aelekee wapi. Kompresa ilinguruma. Nje honi zilikuwa zimeungana zikawa sauti moja. Niliogopa watavunja geti, na niliogopa watapigana hapo ndani, na katikati ya hofu zote hizo nilimchukia yule mtu kwa ukaidi wake.

Tulikaa hivyo muda ambao sikuupima. Kisha geti likalia, Chilumba akaingia. Alikuwa amekwenda Feri kula. Mkononi alishika gazeti lenye vipande vya samaki wa kukaanga, mdomoni bado anatafuna. Aliona umati, akaona kufuli lake, akashika kamba shingoni.

"Jamani, nyapara, samahani. Nimepitiwa."

Nyapara alimfuata, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akampiga kofi. Lilisikika juu ya kompresa. Vipande vya samaki vilitawanyika sakafuni.

Chilumba angeweza kumwinua mtu yule na kumtupa. Hakufanya hivyo. Alisimama, shavu limebadilika rangi, machozi yamemjaa, si ya maumivu. Kisha akaenda kwenye swichi, akafungua kufuli lake na kulitia mfukoni. Mashine ikawaka. Nyapara akasimama katikati ya chumba anaangalia kiganja chake.

Bosi mdogo hakupandisha sauti. "Hapa hatupigi watu," alisema. "Kachukue vitu vyako, mzee." Na katika hilo alikuwa na haki. Nyapara hakubisha. Alichukua hanga lenye shati lake, hata hakuoga, akatoka nalo getini likiwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakumwangalia mtu. Siku hiyo wengi wetu tulishusha pumzi.

Baada ya hapo bosi mdogo alisimamia makabidhiano mwenyewe, kwa njia zake. Alifungua grupu la WhatsApp. Ukitoka kwenye mashine unaandika "nimetoka", ukiingia unaandika "naingia". Makufuli hakuyakataza, alisema anayetaka aendelee. Wengi waliacha, na rangi ya nani ni ipi ikasahaulika. Mimi niliendelea kufunga langu jekundu, na sikuwa na sababu kubwa, mkono ulikuwa umeshazoea tu.

Siku ninayotaka kuisimulia niliwahi kufika. Parafujo ilikuwa inatoa mlio kama wa mfupa unaosagwa, nikamwambia kijana wa asubuhi nashuka kuangalia. Nikashusha swichi, nikafunga kufuli, nikateremka. Kwenye grupu sikuandika. Simu sishuki nayo, ni maji matupu kule. Yule kijana alikuwa anakwenda zake nyumbani.

Shimo lile ukilijua hulipendi. Ni baridi, giza, na unalala kifudifudi. Niliingiza mkono kati ya mabapa mawili ya parafujo mpaka begani, nikapapasa, nikapata kipande cha waya kimejisokota. Nilipotaka kuutoa mkono, mkono wa ovaroli ulinasa kwenye ncha ya bapa. Nikavuta. Ukakaza. Nikajiambia nitulie, nichane kitambaa taratibu.

Ndipo nikasikia sauti. Chini kule kompresa husikika kwa mbali, na walio karibu na swichi unawasikia kupitia uwazi wa dirisha. Wao hawakusikii.

"Kufuli limesahaulika tena," alisema bosi mdogo. "Lete mkasi."

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Juu waliendelea kuongea kwa utulivu, kama watu wanaongojea chai. Nilivuta mkono kwa nguvu zote, nikasikia kitambaa kinachanika kidogo kisha kinagoma. Niliweka mguu ukutani nikavuta tena. Nilifikiria binti yangu, kwamba asubuhi nimemgombeza kwa sababu ya soksi.

Halafu nikasikia sauti ndogo ambayo siku zote lazima uisogelee. Siku hiyo haikuwa ndogo.

"Kufuli hili la nani?"

"La mtu amesahau, Chilumba, kama ulivyosahau wewe. Pisha."

"Nani?"

"Nitajuaje? Kwenye grupu hakuna aliye ndani. Pisha basi, watu wanasubiri."

"Sipishi. Niambieni la nani."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Oya Chilumba, unatuzingua, au unataka kofi jingine?" Wakacheka. Chilumba akaanza kuita majina, kwa sauti ya mwadhini, jina moja baada ya jingine, zamu yake kwanza, kisha yangu. Wakawa wanaitika, wengine kwa kejeli. Lilipofika jina langu hakuna aliyeitika. Akaliita tena. Kicheko kikaisha. Nikasikia mkasi unaanguka sakafuni, na miguu inakimbia, na mwanga wa tochi ukanipiga usoni.

"Dada! Uko humo?"

Niliinua mkono uliokuwa huru.

Waliikata ovaroli kwa kisu. Nilipofika juu nilitapika. Bosi mdogo alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, na uso wake umekuwa kama majivu. Aliniomba msamaha mara nyingi, na siku hizi bado anaomba tukikutana. Baadaye nilimuuliza Chilumba ilikuwaje akasimama pale. Hakuwa na maelezo marefu.

"Nilivyouona ule mkasi, dada, shavu likaniwasha."

Tajiri aliporudi alirudisha utaratibu wa makufuli, na Chilumba akapewa kusimamia zamu ya asubuhi. Nyapara alitafutwa. Namba yake ilikuwa imefungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua nyumba yake.

Nilimwona mwaka jana, kipindi shule zinakaribia kufunguliwa. Nilikuwa likizo, nikaenda Mchikichini kumtafutia binti yangu viatu vya mitumba. Kwenye meza moja alikaa mzee anapiga viatu brashi. Kabla sijamtambua kwa sura, nilisikia udi.

"Shikamoo, nyapara."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, sikio hili liliharibiwa na kompresa." Akanigeuzia sikio jingine, akanitazama. "Ee! Dada wa jioni!"

Meza ilikuwa ya binti yake, mwanamke mwenye lafudhi ileile ya mbio. Akaniwekea kigoda. Nyapara alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi vilevile. Tuliulizana hali. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo maneno ya kumwambia siku nikimwona, na sasa sikujua nianzie wapi. Yeye akaniwahi.

"Yule kijana wa Newala. Bado yupo pale?"

"Yupo."

"Nilimpiga mbele za watu." Aliendelea kupiga brashi kiatu kilekile ambacho tayari kilikuwa kinang'aa. "Kusimama pale kwenye swichi sijajuta hata siku moja. Kufukuzwa, sawa. Ila lile kofi linanirudia hata kwenye swala. Mtu mzima, mwenye mke na watoto. Nilikuwa nimemwona amekufa, dada. Muda wote ule nimesimama pale, mimi namwona amekufa humo ndani. Halafu anaingia anatafuna."

Nikamsimulia. Shimo, waya, mkasi, majina. Nilisema kwa nguvu kwa ajili ya sikio lake, hata wauza viatu wa jirani wakanyamaza kusikiliza. Nilipomaliza aliweka brashi chini.

"Alisimama? Yule yule?"

"Yule yule. Sasa ndiye nyapara wa asubuhi."

"Mkono upi?"

Nikampa wa kulia. Aliushika, akaugeuza, akaangalia kiganja, akaangalia vidole, kimoja kimoja, kama mteja anayekagua bidhaa asije akauziwa mbovu. Kisha akaniachia.

"Mpigie."

Nikapiga. Ikaita mara nyingi. Chilumba akapokea, kompresa inanguruma nyuma yake. "Dada, tunakabidhiana," akasema, na akakata.

"Anasemaje?"

"Wanakabidhiana zamu. Nafikiri atapiga akimaliza."

Nyapara akasimama. Uso wake wa zamani ukarudi wote mara moja. "Na amepokea simu? Saa hii? Watu wako kwenye mashine, yeye anapokea simu?"

"Baba, taratibu," binti yake akasema. "Watu wanakuangalia."

Akakaa. Niliweka simu juu ya boksi la viatu katikati yetu. Mteja mmoja akauliza bei ya raba nyeupe, nyapara akampungia mkono aende. Binti yake akamfuata mteja kumbembeleza. Sisi tulikaa tunaiangalia simu. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, wazi, inatetemeka, na hakuificha.

Ilipoita aliinyakua kabla yangu, akaibandika kwenye sikio zima.

"Wametoka wote?" Akasikiliza. "Nimekuuliza wametoka wote?" Akasikiliza tena, akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Unajua unaongea na nani?"

Sikusikia Chilumba alijibu nini. Nilinyanyuka nikasogea meza ya pili, nikajifanya nachagua viatu, ili nimpe nafasi. Lakini nyapara hajawahi kujua kuongea kwa sauti ya chini.

"Hapana, acha kunikatiza," alikuwa anafoka. "Shikamoo baadaye. Nimesema nisamehe. Jibu hilo kwanza."